Gatakaa Aliyezaliwa Wawira

Tangu aolewe Githongo, Gatakaa alikuwa akiapa kwamba yeye ni Mwimenti halisi, Mmeru wa Imenti, baba na mama. Mkaza mwanawe, Wanjugu, aliyetoka Embu, alikiona cha moto. Chumvi ikizidi kidogo tu, anaulizwa, "Huko kwenu Embu ndivyo mnavyopika?"

Basi mjukuu wake Ntinyari, binti wa Wanjugu na mwalimu huko Ruiri, akaanza kuchunguza ukoo wao. Leo Gatakaa anamwambia kwamba mama yake mwenyewe alizaliwa Nkubu, kesho anasema Tigania.

"Nyanya, kwani mama yako alizaliwa mara ngapi?"

"Niache nipalilie maharagwe yangu."

Akainua jembe kwa hasira, likamgonga kidole cha mguu. Yowe alilopiga lilimfanya Wanjugu aangushe mboga.

"Mama! Umelia kwa Kiembu! Tena cha Kianjokoma!"

Gatakaa alijaribu kununa, kicheko kikamponyoka. Akaketi palepale shambani, akasimulia. Aliitwa Wawira, mzaliwa wa Kianjokoma, Embu. Babake alikuwa amekubali mahari kutoka kwa mzee mmoja, Gedion, mwenye wake wawili. Siku hiyohiyo Wawira akaaga kwamba anaenda mtoni, akatoroka na Kailemia, mwashi aliyekuwa akijenga kanisa lao. Huko Githongo, mama yake Kailemia akampa jina jipya, Gatakaa. Watu wa Gedion, ambao hawakuwahi kumwona, walipofika Githongo kumtafuta Wawira, Gatakaa ndiye aliyewapa uji. Wakamshukuru sana, wakaenda zao.

"Na wazazi wako?" Ntinyari akauliza.

Gatakaa aliogopa kurudi, miaka ikapita, wakafariki bila kumwona tena. Baada ya hapo aliona haya hata kutaja Embu.

Jumamosi Ntinyari alimpeleka Kianjokoma. Mdogo wake Gatakaa, Runji, sasa mzee wa mvi, alimkodolea macho mlangoni.

"Wawira? Walipokukosa kote, sisi tulijua umechukuliwa na mto!"

"Nilichukuliwa na mwashi, yule mwenye masharubu."

Wakashikana, wakacheka mpaka wakalia, kisha wakaenda pamoja kwenye makaburi ya wazazi wao. Huko Gatakaa alizungumza kwa Kiembu, polepole, na Runji akawa anamkumbusha maneno yaliyompotea.

Jioni ilipofika, Ntinyari alirudi peke yake. Nyanya alikuwa amevua viatu, anamwelekeza mke wa Runji jinsi ya kuponda viazi na mahindi ya mukimo.

"Mwambie mama yako asinisubiri," alimwambia Ntinyari alipokuwa akiaga. "Niko kwetu."