Ukuta wa Nyanya na Mgeni wa Kutoka Misri

Mwezi uliopita nilipata mgeni kutoka Misri. Ndiyo, ile ile ya Farao, usinicheke. Mkaza mwanangu, ambaye ni mwalimu hapa Nyamira, ndiye alimleta. Msichana mwembamba, mchoraji. Alikuja Kisii kuona wachonga mawe, akasikia kwamba zamani akina mama wa huku walichora kuta za nyumba. Jirani yangu alipoambiwa ametoka wapi, akaruka: "Misri! Muulize kama Waisraeli walimaliza yale matofali!" Mkaza mwanangu akatafsiri, na msichana akacheka mpaka akashika mbavu. Hapo nikampenda.

Akatusimulia njia yake huku sisi tunamenya ndizi. Alisomea uchoraji mjini kwao, akachora maua, akachora nyuso, na walimu wakamwambia mkono wako ni mzuri lakini hauna kwao. Akakasirika, akarudi kijijini kwa nyanya yake, kando ya ule mto wao mkubwa, akakaa kutwa akiangalia ukuta ambao nyanya alikuwa ameupaka chokaa na kuuchora samaki na ngamia. Tangu hapo michoro yake yote inatoka kwa ule ukuta. Sasa anatafuta kuta za nyanya wa watu wengine kabla hazijaisha.

"Mama," mkaza mwanangu akaniambia, "anauliza ukuta wa kwenu ulikuwaje."

Aliniuliza tu vile mtu anaomba maji.

Rafiki yangu, kama ulikulia huku unajua Desemba yetu ilivyonuka. Nafaka ya wimbi imeanikwa, moshi umejaa, ndizi zinaiva darini. Shule nilikuwa nimeacha darasa la tatu, kwa hivyo kazi ya nyanya ilikuwa yangu. Alfajiri tunateremka mtoni kuchimba udongo mweupe, na baridi ya huku unaijua, vidole vinakataa kukunjika. Mwekundu tunautoa nyuma ya zizi. Mweusi ni masizi ya chungu. Tunakanda na mavi ya ng'ombe, na usikunje pua, yakikauka hayanuki. Nyanya anakandika ukuta kwanza, halafu anachovya vidole vitatu, anavuta. Brashi hakuijua. Alikuwa Msabato kweli kweli, lazima tumalize kabla jua la Ijumaa halijazama, na siku hiyo alinifokea kama anafukuza ng'ombe shambani: "Koroga! Sabato haingojei mkono wako!" Jioni tunakula ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu, na vidole bado vina rangi.

Sehemu ya chini ya ukuta, hapa magotini, alinipa mimi. Ya juu ilikuwa yake. Mvua ya kwanza inarusha matope, inakula yangu, mimi nalia, naye anasema: "Ukuta ni kama tumbo, mjukuu wangu. Haulishwi mara moja ukashiba." Mwaka ukirudi tunaulisha tena.

Alifariki mvua ya masika ikiwa kali. Baada ya mazishi nikachukua beseni, nikateremka mtoni. Mama akanikuta nakanda. Hakunipiga. Alisema tu, "Nyumba ya aliyekufa haikandikwi. Iache imfuate." Kwetu ilikuwa hivyo. Nikaona basi, kama siwezi kuukandika nitaufunika, nikakata majani ya mgomba nikayafunga ukuta mzima. Kulipokucha mbuzi wa jirani walikuwa wameyala yote, mpaka kamba. Watu walicheka. Hata mimi leo nacheka kidogo. Lakini siku ile nilisimama uani nikaangalia rangi zikiteremka, udongo mweupe ukiingia kwa mwekundu, mpaka ukuta wote ukawa kama chai.

Basi nikamwambia huyo binti, nitakuchorea. Nyumba yangu kubwa ni ya matofali na rangi ya dukani, lakini jiko la nje bado ni la udongo. Tukakanda wote watatu, jirani akitutania kwamba tumerudi utotoni. Nikapiga magoti, nikachovya vidole. Sehemu ya chini ilikuja yenyewe: mistari, meno ya msumeno, nyayo za kuku. Msichana ananakili kwenye karatasi zake.

Halafu nikasimama nichore ya nyanya, na mkono ukabaki hewani. Nakumbuka kiwiko chake. Nakumbuka udongo ukimteremka mpaka kwenye bangili. Lakini mchoro wenyewe hapana. Niliuona kila siku, vile unavyoona mlango wa kwenu, na mlango wa kwenu nani huukariri?

"Na hapa juu?" msichana akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota.

Nikafikiri nimtume mtu akaulize. Amuulize nani? Kaburi la mama liko chini ya migomba. Shangazi aliyeolewa Keroka tulimzika. Nikapita boma moja moja kichwani, hata yale ya ng'ambo ya mto, nikitafuta mtu aliyewahi kupita mbele ya ile nyumba ikiwa imesimama. Kila mzee niliyemfikia, ni mimi nilimwona akizaliwa, ile nyumba ikiwa imeshaanguka.

"Mwambie," nikamwambia mkaza mwanangu, "huko juu apaache wazi."