Abuya, Plasta na Msafara wa Dhahabu

Mjomba wangu alivunjika mguu kwa kuanguka kutoka kwenye kiti cha plastiki. Nalisema hili mapema kwa sababu yeye mwenyewe akisimulia huanza na fisi. Hakukuwa na fisi. Kulikuwa na hoteli moja hapa Isiolo mjini, sahani ya pilau, kiti cheupe chenye mguu uliopasuka, na mzee mrefu kutoka Sericho aliyeegemea nyuma ili acheke vizuri. Kicheko kikamalizikia sakafuni.

Hospitalini wakamfunga plasta kuanzia chini ya goti, na daktari akamwonya asiukanyage mguu huo hata kidogo mpaka plasta itolewe. Akiukanyaga, mfupa utaungana vibaya na hatafuata ngamia tena maishani. Mjomba aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayetajiwa bei ambayo hana nia ya kulipa.

Mama yangu anamjua kaka yake. Zamani alivunjika mkono, akaifungua plasta kwa kisu kwa sababu ilimwasha, na mkono ule haujanyooka mpaka leo. Akikuonyesha njia ya msikiti unaweza kujikuta sokoni. Basi safari hii Mama alikusanya visu vyote vya nyumba yetu ya Bula Pesa akavifungia sandukuni mwake, tukawa tunakata vitunguu kwa ruhusa. Hata hivyo kimoja kilipatikana chini ya mto wa mjomba. Alisema ni cha kukatia kucha.

Kazi ya kumlinda nikapewa mimi. Nina kibanda changu cha kurekebisha simu karibu na stendi, lakini katika ukoo wetu mwanamke asiye na mume huhesabiwa hana shughuli. Nikaambiwa nifunge kila siku baada ya adhuhuri nikae na mgonjwa. Tatizo ni kwamba kwetu Waborana, mjomba, yaani abuya, haambiwi hapana. Utamsihi, utamletea chai, utamsifu ngamia wake, lakini kumkataza ni kujitafutia laana. Nilikuwa askari jela asiyeruhusiwa kufunga mlango.

Siku ya kwanza nilimpa redio, akagombana nayo. Siku ya pili alijaribu kwenda chooni kwa kupitia geti la nje. Siku ya tatu nilikata tamaa, nikafungua laptopu yangu nikaanza kucheza gemu langu, liwalo na liwe.

Gemu lenyewe ni la historia. Unaongoza msafara wa wanaume waliovuka bahari zamani hizo, wametumwa na mfalme wao wakatafute mji wa dhahabu katika nchi ya watu wengine. Jioni unapiga kambi na kugawa kazi: nani analinda, nani anawinda, nani anawauguza majeruhi. Vita vikizuka, mnacheza kwa zamu. Unasogeza watu wako, kisha unatulia ukitazama adui akisogeza wake. Mimi ni mtu wa kupenda kushinda. Nilikuwa nimeanza msafara mpya, na nia yangu ilikuwa kufika kwenye dhahabu kabla ya msafara wa mpinzani wetu.

Mjomba alisogeza kiti chake. Kilikuwa cha mbao, maana plastiki Mama alikuwa ameipiga marufuku.

“Hii watu inaenda wapi?” akauliza.

Nikamweleza. Akatazama muda mrefu akihesabu tasbihi. Akauliza mbuzi wako wapi. Nikasema hawana mbuzi. Ngamia? Hawana. Basi wanakunywa maziwa ya nini? Nikasema hawanywi maziwa, wana nyama kavu na nyumbu wa kubebea mizigo. Akafikiri tena, kisha akauliza kwa huruma kama hao ni wafungwa, kwa sababu hakuona mzazi gani angemwachia mwanawe aondoke nyumbani namna hiyo.

Kesho yake aliniuliza habari za wale wafungwa kabla hata sijavua viatu. Kufikia mwisho wa juma yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara na mimi nilikuwa vidole vyake. Aliwapa wote majina ya kwake. Kulikuwa na Daktari. Kulikuwa na Mwenye Kofia, askari wa kofia nyekundu ambaye mjomba alimpenda kwa sababu alitembea kama mtu aliyezoea jua. Na kulikuwa na kijana wa kupeleleza njia, ambaye usiku wa kwanza alisinzia kwenye zamu yake ya ulinzi. Huyo aliitwa Mzembe, na jina likamganda.

Nilifurahi, sikatai. Mguu ulikuwa juu ya stuli, kisu kilikuwa sandukuni, na mjomba alikuwa hakumbuki kutoroka. Ila uongozi wake ulinitia wazimu. Tulipofika kijiji cha kwanza, gemu liliuliza kama tunashambulia, tunafanya biashara au tunapita. Mjomba alikasirika kwamba hakuna mahali pa kusalimia. Mtu hafiki kwa watu akataja biashara kabla ya kuuliza habari za watoto, mvua na malisho. Akaamuru tukae nje ya kijiji tungoje tuitwe. Nikamaliza siku. Nikamaliza nyingine. Nyumbu wakala, watu wakala, mimi nikala kucha zangu. Halafu wenyeji wakatoka na vikapu vya mahindi, na mkuu wao akasema tunaweza kuteka maji. Mjomba akaegemea kiti chake cha mbao kama mtu aliyeshinda kesi.

Ile ya zamu ndiyo iliyotuponza. Kwao Sericho, mjomba ni aba herega, yaani msimamizi wa zamu za kisimani. Yeye ndiye anayesema mifugo ya nani inakunywa leo na ya nani kesho, na kwenye jambo hilo hana mchezo. Tulipofika kwenye kivuko cha mto tulikuta watu wenye mikuki, na vita vikaanza. Gemu likatupa sisi zamu ya kwanza, bahati ambayo haiji mara nyingi. Nikawa tayari kuwasogeza askari.

“Wacha,” mjomba akasema. “Sisi ni wageni. Mwenye kisima anaanza.”

Nikamsihi. Nikamwambia, Abuya, hawa hawanyweshi ng'ombe, wanataka kutuua. Akasema zamu ni zamu, na kama sisi tutavunja utaratibu mbele yao, wataheshimu nini? Basi nikabonyeza, tukawaachia. Wenyeji wakaanza kweli, wakatupiga kipigo cha mbwa msikitini. Tulivuka mto kwa shida, na Mwenye Kofia akavunjika mguu.

Mjomba akautazama ule mguu mdogo kwenye skrini, akautazama wake. Kisha akatangaza kwamba adui mmoja mwenye mikuki miwili hakungoja zamu yake, jambo ambalo si kweli.

Wakati huohuo, bila mimi na Mama kujua, mambo yalikuwa yanapikwa kwenye simu. Mwanawe mjomba alikuwa amempigia kutoka Sericho kumwambia kwamba silanga lao, lile bwawa la kuchimbwa ambalo ngamia wananywa, limekauka. Ngamia ilibidi wapelekwe visima vya mbali. Mwanawe huyo ana ndevu, ana mke na watoto, lakini kwa babake alikuwa bado mtu wa kuonyeshwa jua linachomoza wapi. Mjomba hakuwahi kumwacha aongoze ngamia peke yake. Kwa hiyo alipatana na dereva wa lori la unga linalokwenda Sericho, ampitie Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Lori hilo, kwa njia ile mbovu, lingemtikisa siku nzima na zaidi, na akifika angeanza kutembea. Mguu ungekwisha.

Alhamisi hiyo niliona ameoga mapema, amevaa kikoi kipya, na bakora iko karibu. Nikadhani ni usafi tu. Akaniambia tucheze, lakini haraka.

Gemu likafunguka na swali. Daktari alisema Mwenye Kofia hawezi kutembea. Tunaweza kumwacha chini ya mti na maji kidogo, tukimbie tuwahi mji wa dhahabu. Tunaweza kumbeba, mguu uharibike. Au tunaweza kubaki kambini mpaka apone, ingawa chakula ni kidogo na wapinzani wetu wako nyuma. Mji wenyewe ulikuwa karibu, minara yake inaonekana pembeni mwa ramani. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba tumwache.

Mjomba alinitazama kana kwamba nimetema mate kwenye mkeka wa kuswalia.

“Mtu akivunjika mguu, kambi haihami,” akasema.

“Abuya, chakula kitaisha.”

“Itaisha tukiwa pamoja.”

Nje, honi ya lori ikalia.

Mjomba akashika bakora. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, sijui tangu lini. Akauliza hiyo ni gari ya nani. Akachungulia dirishani, akaona magunia ya unga, akamwona dereva ameshafungua mlango wa abiria, akageuka polepole.

“Umesema nini hapo kwa kompyuta? Sema tena nisikie.”

“Huyo ni mtu ya kompyuta,” mjomba akasema.

“Mguu ni mguu.”

Mimi nilitaka kucheka, maana mzee mzima alikuwa amenaswa kama panya kwenye gunia. Lakini aliinamisha kichwa, na sauti aliyotoa sikuwahi kuisikia kwake.

“Huyo ya kompyuta hana ngamia,” akasema. “Silanga imekauka. Huyo kijana atapeleka ngamia yangu wapi?”

Hapo kicheko kiliniisha. Nilimwonea huruma. Nilikuwa nimemlinda siku zote hizo kama mzigo, nisijiulize hata mara moja akili yake ilikuwa inalala wapi. Mama naye aliushusha mwiko. Honi ikalia tena.

Sikuwa na haki ya kumkataza, nimeshasema. Ila kuuliza kunaruhusiwa. Nikamuuliza zamu ya Mwenye Kofia ya kulinda usiku alimpa nani.

“Mzembe,” akasema. “Hakuna mtu ingine.”

“Na amelala?”

Mjomba akainama kwenye skrini, akamtafuta Mzembe kwa kidole. Alikuwa amesimama pembeni ya moto na bunduki yake, peke yake, kama alivyosimama kila usiku tangu kivukoni.

“Bado,” mjomba akasema.

Akaiweka bakora chini, akaomba simu. Alimweleza mwanawe visima vyote kwa Kiborana, kimoja kimoja, kipi kina maji matamu, kipi kina watu wakorofi, na salamu za kutoa kwa kila mwenye kisima. Alieleza mpaka dereva wa lori akaingia ndani, akapewa chai, akaimaliza. Mwishowe akasema, “Wewe ndiye utatangulia mbele.” Upande wa pili kukawa kimya kirefu hivi kwamba mjomba aliitoa simu sikioni akaangalia kama mtandao umekatika. Haukuwa umekatika.

Lori likaondoka bila yeye. Kambi yetu nayo ikabaki. Tulikula nyama kavu ikaisha. Tukala nyumbu mmoja mmoja, mjomba akimwombea kila mmoja. Mjumbe wa mfalme alikuja kuuliza dhahabu iko wapi, na mjomba akanituma nimjibu kwamba mvua haijanyesha. Gemu halikuwa na jibu hilo, nikabonyeza lililo karibu nalo. Wapinzani wetu wakatupita wakiimba. Niliumia, wallahi. Nilikuwa naiona minara ile mpaka nikifunga macho.

Plasta ilitolewa, na mguu ulikuwa umenyooka. Mjomba alitembea kutoka hospitalini akiwasalimia hata wasiomjua, ili wauone. Siku ya kuagana alitaka kuwaona watu wake mara ya mwisho. Nikafungua, nikamaliza siku, na skrini ikawa nyeusi yenye maandishi mekundu.

Akauliza inasema nini. Nikamwambia inasema tumeshindwa: mji umechukuliwa na wengine na mfalme amekasirika.

“Nani hayupo?” akauliza.

Nikamsomea orodha. Daktari yupo. Mwenye Kofia yupo, mzima. Mzembe yupo. Nikasoma mpaka mwisho, na wote tuliotoka nao pwani walikuwepo, ukiondoa nyumbu.

“Basi huyo mfalme hajui kuhesabu,” mjomba akasema, akaenda kupanda lori kwa miguu yake miwili.

Nyumba ikawa kimya, visu vikarudi jikoni, na mimi nikaanza msafara mpya, wangu mwenyewe. Nilishambulia vijiji bila salamu. Nilichukua kila zamu ya kwanza niliyopewa. Nilikuwa karibu kabisa na mji wa dhahabu, wapinzani wako mbali nyuma, pale gemu liliponiletea mtu mwingine aliyevunjika mguu na majibu yaleyale matatu ya kuchagua. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye la kwanza, la kumwacha chini ya mti, simu ikalia.

Alikuwa mjomba, amepanda juu ya kichuguu huko Sericho kutafuta mtandao. Alisema ngamia wamefika visimani na kurudi, ila mmoja wao aliyekufa njiani kwa uzee. Alisema pia mwanawe amekuwa na kiburi kisichovumilika: anatoa amri, na amri ya kwanza ni kwamba babake akae chini aupumzishe mguu. Alilalamika sana, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeshiba.

Kisha akaniuliza, kana kwamba msafara wetu haujaisha, “Na yule wa mguu?”

“Bado yuko kambini, Abuya,” nikamwambia, na nikabonyeza haraka jibu la kubaki ili isiwe uongo.