Mama Aliyemsimamisha Mwanawe Mlangoni

Wakati wa korona, hapa Kasongo, nilimwona jirani yangu akimpokea mwanawe aliyetoka kwenye machimbo ya dhahabu kule Kabambare. Kijana alishuka kwenye pikipiki, akakimbia kumkumbatia. Mama akanyoosha kiganja.

“Simama hapo, mutoto yangu. Bibi yako muzee iko ndani, na kifua yake iko mugonjwa.”

“Mama, ni miaka mbili hatujaonana!”

“Sasa tunaonana. Macho haiambukize mutu.”

Machozi yalimtiririka, lakini mkono haukushuka. Alimwonyesha ndoo ya maji na sabuni, kisha chumba cha nyuma. Kwa wiki mbili alimwekea chakula mlangoni, akaketi mbali wakipiga soga.

Hakuna aliyeugua. Ndipo alipomkumbatia mbele ya majirani, akakataa kumwachia.