Kona ya Nyumba ya Matofali Mekundu

Baba yangu hakunisemesha tangu siku niliyopanda ndege kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa kuchoma matofali yake mwenyewe na kuyajenga mwenyewe, na habari alizosikia za wasichana wa Kenya walioteswa majumbani kule zilimtia hofu iliyogeuka hasira. Mwaka mzima nikiwa Riyadh, kila nilipopiga simu mama alisema, "Baba yako ameenda shambani," nami namsikia akikohoa palepale. Nilimkasirikia pia. Ukaidi niliurithi kwake, sikuuokota njiani.

Kisha familia niliyoifanyia kazi ikahamia Jeddah, mtaa wa Nuzha, binti yao mkubwa alipopata nafasi ya kusomea usanifu wa majengo. Nilimpenda yule msichana. Alikuwa mvivu wa kukunja nguo na hodari wa kila kitu kingine. Mtihani wake wa mwaka ulikuwa kutengeneza mfano wa nyumba ya kale ya tajiri wa Uingereza, zile zilizojengwa mashambani, na meza ya chakula ikatekwa kwa wiki tatu.

Picha ya nyumba hiyo aliibandika ukutani: ghorofa mbili, mlango katikati, madirisha sawasawa kushoto na kulia, dohani ndefu za moshi, na matofali mekundu kutoka chini hadi paani.

"Tajiri gani huyu asiyepiga plasta?" nikamuuliza. "Kwetu tofali likibaki wazi, watu wanajua mwenye nyumba ameishiwa."

Alicheka hadi gundi ikamwagika. Alikuwa akikata vitofali vya kadibodi na kuvibandika kimoja kimoja, vyote ubavu nje, yaani upande mrefu. Lakini kwenye picha mstari mmoja ulionyesha mbavu, wa juu yake vichwa, zile ncha fupi, ikabadilishana hivyo hadi juu. Vichwa ndivyo vinavyoingia ndani na kuushika ukuta mnene usipasuke. Hilo nalijua tangu nikimpokeza baba matofali kabla sijaanza shule.

"Huu ukuta utaanguka, habibti."

"Ni karatasi!"

"Na mwalimu wako naye ni karatasi?"

Akasogea kwenye picha hadi pua ikaigusa. Kisha akaanza kubandua, machozi yakimlenga. Zilibaki siku mbili. Ijumaa baada ya chakula cha mchana madam, mama yake, aliniruhusu nikae na binti tubandike upya. Tulienda vizuri mpaka tulipofika kwenye kona. Kila tukianza mstari wa vichwa, maungio yalikaa juu ya maungio, jambo ambalo fundi akiliona anatukana. Nilijua lina dawa, ila sikuwahi kufundishwa. Kona baba hakumwachia mtu.

"Mpigie," msichana akasema. "Yalla, haraka!"

Mama alipokea. Kabla hajanitajia shamba nikasema, "Mwambie nimekwama kwenye kona. Mstari wa vichwa haufungi."

Nikasikia simu ikipokezanwa. Kisha kikohozi, karibu kabisa.

"Umeanza na nini?" baba akauliza.

"Kichwa."

"Halafu?"

"Kichwa kingine."

"Ndiyo maana. Pasua tofali moja kwa urefu, upate jembamba. Liweke baada ya kile kichwa cha kwanza. Usiliweke konani kabisa, litatoka. Nani anajenga huko kwa matofali?"

Nikamweleza habari ya mtihani, huku msichana akikata kadibodi kama alivyoagizwa. Kona ikafunga. Nikamwambia baba imefunga.

"Sawa," akasema. Nilidhani amekata simu. "Wewe unalala wapi huko?"

Nikamweleza chumba changu: kidogo, kando ya jikoni, dirisha moja. Akauliza kama ukuta ni mkavu. Akauliza dirisha linatazama wapi. Alizunguka chumba chote hivyo, pole pole, mpaka akafika kwenye lile lililomkaa moyoni tangu niondoke.

"Na mlango? Unafungwa kwa ndani?"

"Unafungwa, Baba. Ufunguo ninao mimi."

Nikasikia baba yangu analia.