Shavu la Mama

Muuguzi alipofungua kopo la mafuta ya vidonda juzi, harufu yake nzito, kama ya sufu ya kondoo iliyolowa, ilinirudisha stesheni ya Eldoret, siku mama aliposhuka kutoka treni ya Nairobi.

Alikuwa ameota uvimbe shavuni, mgumu kama punje ya mahindi. Daktari alisema ni saratani ya tezi za jasho, tena ya nadra, inayotaka kuchomwa kwa miale, akapelekwa hospitali Nairobi. Mimi nilisikia neno jasho tu. Mama alivuna mahindi ya mzungu juani kila siku, basi nikaacha kukimbia, nisije nikatoka jasho nikaugua.

Aliposhuka, shavu lilikuwa jekundu, limebambuka, linang'aa kwa mafuta. Nilijificha nyuma ya baba.

“Kwani walikuchoma na moto gani?” nikauliza.

“Sikuuona, mtoto wangu. Nililala chini ya mashine, ikanguruma, sikusikia joto wala uchungu. Ngozi ilianza kuungua baadaye.”

“Na uvimbe umeenda wapi?”

“Hata mimi sijui. Gusa.”

Sikugusa. Moto usioonekana, uvimbe ulioenda kusikojulikana, na sauti ya mama ikitoka kwenye uso nisioujua.

“Wewe ni mama?”

“Wacha ujinga,” baba akasema. Mama akaninyooshea mkono.

Uvimbe haukurudi tena. Lakini siku ile nilimshika mkono, na njia yote hadi nyumbani nikatembea upande wa shavu lake lililo zima.