Vizibo vya Soda Chini ya Viatu

Mwanangu, keti hapa nikueleze, maana naona kazi mpya kwa yule fundi imeanza kukutoa jasho. Nakumbuka Jumapili moja pale Sultan Hamud, katika miaka ya sitini. Nilikuwa msichana wa kuuza chai, na kitu nilichopenda kupita vyote ni sinema za zamani: tarumbeta nyingi zikipigwa pamoja, na watu waliovaa suti wakicheza kwa viatu vinavyolia kakaka-kaka sakafuni. Nilipigilia vizibo vya soda chini ya viatu vyangu, nikawa najifunza jikoni mpaka mama akalalamika kwamba ng'ombe hawalali.

Sinema ilionyeshwa mchana katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, madirisha yakizibwa kwa magunia. Mlinzi wake, Mzee Musyoka, alikuwa ameonywa na wakubwa wa reli: vurugu nyingine moja tu, na ukumbi unafungwa. Siku hiyo, wachezaji walipoanza tu kucheza, sauti ya mashine ikakatika. Picha inaenda, lakini kimya.

"Hii ni sinema ama ni mazishi?" mtazamaji mmoja akapaza sauti. Viti vikaanza kugongwa.

Nilihofia ukumbi wetu. Nikapanda jukwaani, mbele ya shuka lililoonyeshewa picha, nikaanza kucheza ili miguu yangu iwe sauti yao. Lakini niliifukuza miguu ya wale wa kwenye picha, na ilikuwa na mbio mno. Nikajikwaa.

"Ni mbuzi juu ya mabati!" mwingine akapiga kelele. Wakacheka kweli. Nikaacha kucheza, machozi yakiwa karibu kunitoka.

Mzee Musyoka alikuwa amesimama mlangoni. Zamani, kabla ya kuajiriwa reli, alikuwa akiwapigia filimbi wachezaji wa ngoma zetu za Kikamba. Aliniita kwa Kikamba, kama binti yake.

"Mwiitu, achana na miguu yao. Tazama mabega. Kwetu mchezaji husema kwa mabega kabla hajaruka. Hata hao ni watu."

Akaanza kupiga makofi, polepole. Nikatazama mabega. Kumbe kweli, kila hatua ilianzia huko juu! Nikangoja, nikaingia. Kaka. Kakaka. Wale waliogonga viti wakaanza kupiga makofi pamoja na mzee, na yule wa mazishi ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.

Ukumbi haukufungwa. Mzee alijifuta uso kwa kofia, akashusha pumzi ndefu, na mimi nikashusha yangu. Hata leo nikisikia tarumbeta zile redioni, mabega yangu huanza yenyewe.

Basi, mwanangu, hujashindwa na kazi. Unafukuza miguu tu. Mungu akupe wa kukupigia makofi polepole. Kesho asubuhi usishike chombo kwanza. Simama karibu na fundi wako, tazama anavyojiweka kabla mkono haujasogea, kisha uanze nawe, taratibu.