Mswaki Laini na Damu Isiyokoma

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kliniki ya meno mjini Migori, msimamizi wa idara aliweka miswaki mitatu mezani: laini, wa wastani na mgumu. Akaniuliza, "Mgonjwa ana fizi zinazotoka damu. Utampa upi?"

Nikachukua mgumu. Nilidhani damu ni dalili ya uchafu ulioganda, na uchafu ulioganda husuguliwa.

"Umemjeruhi mara ya pili," akasema, kisha akaanza kunifundisha. Nyuzi ziwe laini, maana zilizo ngumu hukwangua ufizi hadi mzizi wa jino ukabaki wazi. Kichwa cha mswaki kiwe kidogo, kifike nyuma ya magego. Nyuzi zielekezwe pale jino linapokutana na ufizi, kwa sababu ndipo ukoga, ule utando unaonata, hujificha. Zikishapinda, mswaki ubadilishwe. Niliandika yote, ila sikuamini yote. Mama yangu, kule kwetu Kuria, alitumia kijiti kigumu maisha yake yote na hakuwahi kung'oa jino.

Nilipohamishiwa Ndhiwa nilichanganyikiwa zaidi. Afisa mfawidhi wa kituo aliniambia, "Huku watu wanatafuna miwa. Laini haiwezi. Waambie wastani." Daftari langu likawa na majibu mawili. Mzee mmoja aliyeng'olewa meno sita ya chini ujanani, kama ilivyokuwa desturi ya Waluo wa rika lake, aliniuliza kama anunue mswaki mdogo zaidi kwa kuwa meno yake ni machache. Nilimwambia nitauliza. Sikujua nimuulize nani.

Kisha nikapelekwa hospitali ya Sindo, kando ya ziwa, ambako sikuwa na mkubwa wa kuniamulia mambo ya meno. Huko ndiko alikokuja Mama Atieno, aliyekuwa akianika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni.

"Daktari, nikipiga mswaki mate yanakuwa mekundu."

Mswaki wake ulikuwa mgumu, nyuzi zimelala pande zote. Hilo nililijua. Nikamkwangua ukoga uliokwisha kuwa kama mawe, nikamwambia anunue laini. Baada ya wiki tatu akarudi na damu ile ile. Nikadhani hasugui vya kutosha, nikamwambia achukue wa wastani. Akarudi tena, fizi zimevimba na jino la mbele linacheza. Nikamwambia arudie laini.

Akaanza kunihesabia kwa vidole.

"Kwanza ulisema laini. Halafu ukasema huo mwingine. Sasa laini tena. Wewe mwenyewe unajua, daktari?"

"Sijui, Mama," nikasema.

Kiluo changu kilikuwa kibovu na Kiswahili chake cha sokoni, lakini hapo tulielewana. Nilitazamia ainuke aende zake. Badala yake aliomba maji. Nilikuwa na chupa mezani. Akainywa yote bila kupumzika.

"Nisamehe," akasema. "Siku hizi kiu hainiachi. Nakunywa, naenda haja ndogo, nakunywa tena. Hata nguo zimenilegea."

Nilikuwa nimemfungua mdomo mara tatu, na sikuwahi kumuuliza swali hata moja juu ya mwili wake mwingine. Nikamshika mkono hadi maabara ng'ambo ya uwanja. Majibu yalipotoka, sukari kwenye damu yake ilikuwa juu mno. Daktari wa zamu akamlaza siku hiyo hiyo.

"Angeendelea hivi angeanguka huko ufuoni," aliniambia. "Sukari ikipanda, fizi hazina nguvu ya kupona. Mswaki wako laini ulikuwa sawa. Ila peke yake usingeweza."

Alipoanza dawa, damu ilipungua polepole. Meno mawili hayakuokoka. Nilipoliondoa la pili nilimwomba radhi, naye akanipapasa kiwiko kama mtu anayembembeleza mtoto. Sikumwambia kwamba kama ningemuuliza mapema kidogo, ningeweza kuyaokoa. Hadi leo sina hakika kama ningeweza.

Nimestaafu sasa, naishi Migori. Vijana wa kazi hii wakinipigia simu huwaambia: laini, kichwa kidogo, na damu isipokoma kwa wiki mbili, acheni kubishana juu ya miswaki, mwulizeni mtu habari zake.

Mwezi uliopita niliona damu kwenye mate yangu. Nikabadilisha mswaki. Wiki iliyofuata nikabadilisha tena. Nilipokumbuka maneno yangu mwenyewe niliingiwa na hofu, nikaenda kliniki. Binti aliyekuwa zamu, hata hanijui, alinipima sukari, ikawa sawa. Akanifungua mdomo, akanionyesha kwa kioo ukoga uliojaa nyuma ya magego.

"Mzee, mswaki wako hauna shida," akasema. "Ni vile unaharakisha. Kuna mtu aliwahi kukuonyesha namna ya kupiga mswaki?"

Nikamwambia anionyeshe.